Barafu za Dar kwa kutia rangi vitambaa: ya Feri, ya mifuko au ya friza?

Anayetia rangi kitambaa kwa barafu hashiki brashi. Pamba iliyolowekwa magadi soda (ya kufulia, si ya kuokea mikate) hukunjwakunjwa juu ya wavu, hufunikwa barafu, unga wa rangi hunyunyizwa juu, na kuanzia hapo mchoro hutegemea jinsi barafu inavyoyeyuka. Ndiyo maana tunaikagua barafu yenyewe kabla ya rangi. Kwa anayeanza, nunua ile ya mifuko. Kwa mbunifu anayetafuta michoro laini ya kanga au ya mapazia, ya chengachenga pale Feri, soko la samaki, haina mshindani, ila ina masharti yake.

Ukubwa wa kipande ndio unaoamua muda, na muda ndio unaoamua mchoro. Wasanii wa barafu wanalijua hili. Mwaka 2009 Néle Azevedo wa Brazil aliketisha vijisanamu 1,000 vya barafu kwenye ngazi za Gendarmenmarkt mjini Berlin, na kwa kuwa vilikuwa vidogo, viliisha upesi. Mapande 12 kutoka Greenland ambayo Olafur Eliasson aliyapanga mbele ya Panthéon mjini Paris mwaka 2015 yalidumu siku kadhaa. Kwenye beseni la Sinza au Mbagala kanuni ni hiyohiyo: kipande kidogo huachia maji mengi kwa mara moja na rangi hutawanyika kama wingu; pande kubwa hudondosha tone moja moja, nayo rangi hufuata mikunjo na kuacha mistari.

Tuanze na ya mifuko, ile inayouzwa kwenye vituo vya mafuta na supamaketi, vipande vya mviringo vyenye tundu katikati. Ni safi, kwa sababu imetengenezwa ili iwekwe kwenye vinywaji, na vipande vinalingana, hivyo unaweza kukadiria matokeo. Lile tundu lina kazi yake: unga hutuama ndani, maji yanapofika chini hutoa duara lenye ukingo mkali. Ukitazama kwa karibu utaona zambarau iliyochanganywa kiwandani ikipasuka: waridi hushika palepale ilipoangukia, bluu hutembea sentimita mbili tatu zaidi ndipo itulie. Kwa mita moja ya kitambaa iliyokunjwa ikatosha eneo la sentimita 40 kwa 50, hesabu kilo 5 hadi 6, tabaka la kama sentimita 6. Kwenye kivuli chenye nyuzijoto 30, huisha kwa saa 3 hadi 5. Kasoro yake ni bei. Kwa kilo ni ghali kuliko ya Feri, na mifuko iliyokaa dukani umeme ukikatika hugandamana ikawa bonge moja. Ubonyeze mfuko kabla ya kulipa.

Ya Feri ipo ya namna mbili. Ya chengachenga, ambayo wauza samaki huimwaga juu ya samaki, ndiyo inayotoa mawingu laini kuliko zote, rangi zikiingiliana bila mpaka. Lakini huyeyuka upesi mno, na unga ukiwa mwingi maji hujaa rangi kabla kitambaa hakijainywa, matokeo yake ni tope la kahawia. Tumia unga nusu ya kawaida, gramu 5 au 6 kwa mita, na unyunyize kwa chujio la chai, si kwa kijiko. Nunua asubuhi, moja kwa moja inapotolewa, kabla haijagusa kasha la samaki. Iliyochanganyika na damu na utelezi wa samaki haifai hata ikisuuzwa. Beba deli lako.

Ya mabonge ni nafuu na hustahimili foleni ya Kilwa Road ukiifunga kwenye gunia, ila lazima uipasue kwa nyundo, na vipande havitalingana. Mchoro wake ni wa mistari mirefu na maeneo makubwa meupe. Kwa mgolole au pazia pana unapendeza. Kwa kitambaa cha nguo ya mtoto haueleweki.

Barafu yoyote ya Feri ipimwe maji. Yeyusha kipande kwenye glasi ya kioo, tia magadi soda kidogo, koroga. Ukungu mweupe ukitokea, hayo ni maji magumu, na visima vingi vya Dar ni vya hivyo. Ukungu huo ni chokaa: itakaa juu ya kitambaa, itashika rangi, na ukishafua utabaki na madoa yaliyopauka.

Ya friza ya nyumbani ina faida moja kubwa: maji unayachagua wewe, na umbo pia. Vikombe vya plastiki, trei, vifuko vya ubuyu, kila kimoja kina mchoro wake. Ila kilo 6 kwenye friza dogo si mchezo.

Sasa rangi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Rangi za batiki zinazouzwa Kariakoo pamoja na kostiki (soda kali) na haidrosi (unga wa kuyeyushia rangi hizo) hazifanyi kazi kwenye barafu. Hizo zinataka maji ya moto, kama nyuzi 50 hadi 60, ndipo ziyeyuke na kuingia kwenye uzi. Muulize muuzaji rangi ya maji baridi inayoshikishwa kwa magadi soda. Akikwambia kostiki ni ileile tu, ondoka: kostiki ni kali mno, huua rangi ya aina hii kabla haijashika, na huunguza mikono.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Bafta ni nzuri. Marekani ichemshwe kwanza kwa sabuni na magadi kidogo ili wanga utoke, la sivyo rangi itakaa juu juu. Ukiwa na shaka, choma uzi: pamba huacha jivu, tetroni hugeuka kidonge kigumu.

Loweka kwenye gramu 60 za magadi soda kwa lita ya maji, dakika 20 hadi 30, kamua, usisuuze. Panga juu ya kreti la soda lililopinduliwa ndani ya beseni, maji machafu yadondoke chini yasirudi kwenye kitambaa. Usitumie wavu wa chuma, kutu hubadili rangi. Weka barafu, kisha unga gramu 10 hadi 12. Zima feni. Vaa barakoa na glavu. Unga huu ukivutwa mara kwa mara huleta matatizo ya kifua. Barafu ikiisha, funika kwa nailoni mpaka kesho yake, kwani rangi hushika vizuri kitambaa kikishapata joto, na feruzi hasa ni mvivu. Suuza kwa maji baridi hadi yatoke meupe, ndipo ufue kwa maji ya moto na sabuni.

Kwa mbunifu, kitambaa ni nusu tu ya mavuno. Dakika za katikati, unga ukiwa bado juu ya barafu na mifereji ikiwa imeanza kukatika, zina michoro ambayo haitafika kwenye pamba. Ninginiza simu juu ya beseni, wima kabisa, piga picha kila dakika 10 bila flashi, kwa mwanga wa dirishani. Baadaye kata mraba mmoja wa picha, uulinganishe kingo ili uweze kurudiwa, na kwa kanga uuweke kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, pekee. Pindo liachie mchoro mnyoofu. Mchoro wa barafu hauna mwanzo wala kona, na ukiupeleka kwenye pindo, kanga itakosa fremu na jina litapotea ndani yake.