Internet Archive kwa msomaji wa vijitabu vya kikoloni visivyo na jina la mwandishi

Nyota nne kati ya tano. Mtu anayetaka kusoma vijitabu na masimulizi ya safari ya zama za ukoloni, hasa yale yaliyotolewa na waungwana waliojificha nyuma ya "afisa wa mfalme", "mkulima" au "Mmarekani mmoja", hana pa kuanzia pazuri kuliko Internet Archive. Huduma ni ya bure, vitabu vya kale havidai usajili, na faili unaondoka nazo zikawa zako. Nyota ya tano tumeinyima kwa sababu mbili. Orodha yake imevurugika pale pale ambapo vitabu hivi vinahitaji uangalifu, yaani kwenye jina la mwandishi, na maandishi yaliyosomwa na mashine hayaaminiki kwa chapa za kabla ya 1800.

Mali iliyomo ni kubwa. Maktaba ya John Carter Brown ya Providence, Marekani, ambayo kazi yake ni vitabu vya bara la Amerika la zama za ukoloni, imeweka humo maelfu ya vitabu vyake. Utakutana na simulizi la fidalgo (mwungwana) wa mji wa Elvas, Mreno aliyefuatana na mvamizi wa Kihispania Hernando de Soto huko Florida kati ya 1539 na 1543. Kitabu kilichapwa Évora, Ureno, mwaka 1557, na mpaka leo jina la mwandishi halijathibitishwa. Kuna American Husbandry ya 1775, juzuu mbili za kilimo cha makoloni ya Waingereza, ambazo kwenye ukurasa wa jina zimeandikwa tu kwamba ni za "Mmarekani". Kuna pia Voyage à l'Isle de France ya 1773, ya "afisa wa mfalme" aliyekaa Mauritius kuanzia 1768 hadi 1770. Baadaye ilijulikana kuwa ni Bernardin de Saint-Pierre. Hiki cha mwisho kinamgusa moja kwa moja msomaji wa pwani yetu, maana barua yake ya 12 inahusu watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagascar. Afisa huyo anaeleza kola za chuma zenye ncha tatu, kisha anaitaja sheria iliyokataza kupita viboko 30 na kuagiza watumwa wapewe nyama kila wiki na mashati kila mwaka, na papo hapo anasema sheria hiyo haifuatwi. Ni ushahidi mzito, na unausoma kwenye simu bila kulipa senti.

Tatizo ni kuvipata. Kazi isiyo na jina huingizwa kwenye orodha kwa namna nne au tano. Moja imewekwa kama "Anonymous", nyingine nafasi ya mwandishi imeachwa tupu, ya tatu imepewa jina la mtu aliyegunduliwa baadaye, ya nne imeandikwa jina la mfasiri au mhariri. Kwa hiyo usitafute kwa mwandishi. Tafuta kwa maneno mawili au matatu ya mwanzo wa jina la kitabu, kisha punguza kwa miaka. Kwenye kikasha cha kutafutia andika maneno hayo, halafu ongeza mediatype:texts AND date:[1600-01-01 TO 1799-12-31]. Matokeo yakiwa machache mno, ondoa sharti la tarehe, kwa kuwa waingizaji wengi huandika mwaka wa toleo la pili, au hukosea kusoma tarakimu za Kirumi. MDCCLXXV ni 1775, lakini X moja ikisahaulika kitabu kinarudi nyuma miaka kumi.

Jihadhari pia na majina yanayobadilika. Simulizi la Elvas lilipofasiriwa kwa Kiingereza na Richard Hakluyt mwaka 1609, lilipewa jina linaloanza na Virginia badala ya Florida, kwa sababu koloni la Virginia lilikuwa na miaka miwili tu na lilihitaji watu wa kulipigia debe. Tafsiri ya Buckingham Smith ya 1866 ina jina lingine kabisa. Anayefahamu jina moja tu atadhani toleo ni moja.

Anwani ya mtandaoni (URL) ya kitabu nayo inasaidia sana, na wachache wanaijua. Katika vitabu vingi vya miaka ya mwanzo ya mradi, anwani imeundwa kwa herufi 16 za mwanzo za jina la kitabu, tarakimu mbili za juzuu, na herufi nne za mwandishi. Mwisho wa anwani ukiona "unkngoog", maana yake mwandishi hakujulikana kwa mwingizaji na picha zilipigwa na Google. "Uoft" ni Chuo Kikuu cha Toronto. Kitabu cha juzuu mbili kikiwa na 01, badilisha iwe 02 ujaribu bahati yako kabla ya kurudi kutafuta upya, maana mara nyingi juzuu zimeingizwa mbalimbali na jina halisemi ni ya ngapi.

Ukipata nakala tatu za kitabu kimoja, usichukue ya kwanza. Fungua kila moja uangalie vitu viwili, ukurasa wa jina na ramani. Katika nakala nyingi zilizotoka Google, ramani za kukunjwa zilipigwa picha zikiwa zimekunjwa, kwa hiyo unaona pindo moja tu la karatasi. Nakala zilizopigwa na Internet Archive wenyewe, kwa rangi, kitabu kikiwa kimelazwa kwenye kitanda chenye umbo la V, mara nyingi zina ramani iliyofunguliwa. Kwa masimulizi ya safari tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu njia ya msafiri imo kwenye ramani.

Sasa maandishi ya mashine. Wachapaji wa karne ya 17 na 18 walitumia s ndefu mwanzoni na katikati ya neno, nayo inafanana sana na f. Programu inayogeuza picha kuwa maandishi huisoma hivyo hivyo. Ukitafuta slaves ndani ya kitabu cha 1775 utaambiwa halimo, ilhali limejaa. Tafuta flaves. Sugar iwe fugar, na kwa Kifaransa esclave iwe efclave, Mosambique iwe Mofambique. S ya mwisho wa neno iache kama ilivyo, maana huko s ndefu haikutumika. Tafuta mara mbili, kwa s na kwa f, kwa sababu kitabu kimoja huweza kuwa na zote. Chini ya maelezo ya kitabu kuna mstari unaotaja programu iliyotumika. Ukiona ABBYY FineReader, hayo ni maandishi ya zamani. Tangu mwishoni mwa 2020 wanatumia Tesseract, nayo pia usiitegemee bila kukagua. Kanuni yetu ni kwamba maandishi ya mashine ni ya kutafutia ukurasa tu. Kunukuu, nukuu kutoka kwenye picha.

Na nambari ya kunukuu iwe ile iliyochapwa kwenye karatasi. Anwani ya kisomeo, yaani dirisha la kusomea kitabu kwenye tovuti, ikionyesha n12, hiyo ni hesabu ya picha kuanzia jalada, ukurasa wa 12 uko mbele zaidi.

Kabla ya kuamini kwamba kitabu kimekamilika, kikague. Vijitabu vidogo vilishonwa bila jalada gumu, hivyo karatasi za mwisho ndizo zilizochanika kwanza. Chini ya baadhi ya kurasa utaona B, B2, B3 na kuendelea. Ni alama za kumsaidia mjalidi kupanga mikunjo. Alfabeti yao ina herufi 23, haina J, wala W, na kati ya U na V huchukua moja tu, kwa hiyo kukosekana kwa J si kasoro. Baada ya Z huja Aa. Kitabu cha karatasi iliyokunjwa mara tatu huwa na kurasa 16 kwa kila herufi, na kijitabu cha kukunjwa mara mbili huwa na 8. Ukihesabu kurasa 14 kati ya D na E katika kitabu cha kurasa 16 kwa kila herufi, karatasi moja haipo. Kuna pia neno linalochapwa peke yake pembeni chini kulia, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yasipolingana, rudi kwenye herufi. Nambari za kurasa zisikutishe, wachapaji walizikosea mara kwa mara.

Ukaguzi huu una faida ya kifedha pia. Sokoni kuna vitabu vya karatasi vinavyouzwa kwa bei kubwa, vilivyochapwa upya kutokana na picha hizi hizi, na kurasa zilizokosekana kwenye picha zinakosekana humo pia. Anayetaka cha kushika mkononi akague picha kwanza ndipo alipe.

Kumtambua mwandishi, zana zimo humo humo. Kwa Kiingereza kuna kamusi ya Halkett na Laing ya kazi zisizo na majina, juzuu nne za 1882 hadi 1888. Kwa Kifaransa, kamusi kama hiyo ya Barbier. Kwa vitabu vya Amerika, orodha ya Sabin, juzuu 29. Katika Halkett na Laing kitabu kimepangwa kwa neno la kwanza la jina lake, ukiruka A, An na The. Jibu utakalopata huko ni dai la karne ya 19, si hukumu. American Husbandry, kwa mfano, imehusishwa na Dkt. John Mitchell na pia Arthur Young, na mjadala haujafungwa.

Maelezo mafupi ya vitabu kwenye Internet Archive hayakuelezi kwa nini kitabu kiliandikwa, na hapo msomaji awe macho. A True Declaration of the Estate of the Colonie in Virginia ya 1610 haina mwandishi, bali amri ya Baraza la Virginia. Ilitoka mwaka ule ule ambao Jamestown, makazi ya koloni hilo, ilitoka kwenye njaa iliyoua walowezi wengi mno, na lengo lake lilikuwa kuokoa sifa ya Kampuni ya Virginia iliyoliendesha koloni. A Perfect Description of Virginia ya 1649 inahesabu Waingereza 15,000, Waafrika 300 na ng'ombe 20,000, na wanahistoria wanazitumia takwimu hizo hadi leo. Lakini hao 300 inawaita "watumishi wazuri", ndani ya kijitabu kilichokusudiwa kuvuta walowezi. Vyote viwili vimo katika mkusanyiko wa Peter Force wa 1836 hadi 1846, wenye herufi za kisasa zaidi, ambao ni mwepisi kuutafuta kuliko chapa za asili.

Kwa mwenye bando dogo, usisome kitabu kizima kwenye kisomeo, kila ukurasa ni picha mpya. Nenda Download Options. Faili ya maandishi matupu ya kitabu cha kurasa 300 kwa kawaida haifiki MB 1, PDF ni makumi ya MB, na furushi la picha asilia hufika mamia. Chukua maandishi kwanza, tafuta unachotaka, kisha pakua PDF kama kitabu kinastahili. Na upakue kweli. Oktoba 2024 tovuti ilishambuliwa, ikawa haipatikani kwa siku kadhaa, na taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja. Ukifungua akaunti, ipe nywila usiyoitumia kwingine.

Washindani wana nafasi yao. HathiTrust, hazina ya kidijitali ya maktaba za vyuo, inatafuta ndani ya mamilioni ya vitabu kwa pamoja, ila PDF nzima ya kitabu kilichopigwa picha na Google hupakuliwa na watu wa vyuo wanachama tu. Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ni bora kwa chapa za Kifaransa.

Anayeanza asianze na s ndefu. Afungue tafsiri ya E. G. Ravenstein ya 1898 ya shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, iliyoandikwa na mtu asiyejitaja, ikiwa na siku za Mombasa na Malindi za Aprili 1498. Utangulizi usirukwe. Humo Ravenstein anawaondoa mabaharia mmoja mmoja, kila ambaye shajara inamtaja kama mtu mwingine, mpaka anabaki na Álvaro Velho na João de Sá.