Kumbukumbu za Ana Ivanovic katika tovuti ya WTA

Kwa mpenzi wa tenisi anayetaka kumjua Ana Ivanovic bila kutegemea simulizi za kusikia, pa kuanzia pazuri ni kumbukumbu za matokeo ya wachezaji zilizomo katika tovuti ya WTA, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanawake. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inamtendea haki mchezaji ambaye wengi wamemfupisha mno.

Wengi humkumbuka binti huyu wa Belgrade kwa mwaka 2008 tu. Katika nusu fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, alimshinda Mserbia mwenzake, Jelena Janković, kwa 6-4, 3-6, 6-4, katika mchezo ambao mshindi wake alikuwa anakwenda kuwa namba moja duniani, kisha akamfunga Dinara Safina 6-4, 6-3 na kutwaa taji lake pekee la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi. Miezi mitatu baadaye alitolewa katika raundi ya pili ya US Open na Julie Coin wa Ufaransa, aliyekuwa nafasi ya 188 duniani, na hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu.

Matokeo ya mwaka 2014 yanakanusha hitimisho hilo. Yanamwonyesha akimtoa Serena Williams katika Australian Open baada ya kupoteza seti ya kwanza, akibeba mataji manne, Auckland, Monterrey, Birmingham na Tokyo, na kumaliza mwaka akiwa namba 5. Alipotundika raketi Desemba 2016, akiwa na miaka 29 na mwili uliochoshwa na majeraha, alikuwa na mataji 15 ya mchezaji mmoja mmoja. Huyo si mchezaji wa msimu mmoja hata kidogo.

Hata hivyo, alama za seti zina mpaka wake. Haziwezi kuonyesha namna alivyokuwa akirusha mpira juu ili auanzishe, akaudaka kabla ya kuupiga, akaurusha tena na kuudaka tena, huku mpinzani akisubiri upande wa pili. Tatizo hilo lilimsumbua kwa miaka, na bila kulijua mtu hawezi kuelewa kwa nini mkono wa kulia wenye nguvu kiasi kile ulipoteza michezo iliyokuwa yake. Wala hazisemi kwamba utotoni, wakati wa baridi, alijifunzia mchezo huu ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa maji na kutandikwa zulia. Kwa hiyo matokeo hayo yasomwe sambamba na video za mechi zenyewe, hasa ile nusu fainali dhidi ya Janković.

Ningemshauri msomaji mgeni aanze na mwaka 2014, kisha ndipo arudi nyuma hadi 2008.