Deni la 7,460 Nisilolikopa: Uzoefu Wangu na CRB Hapa Nairobi

Mwezi wa pili niliomba mkopo wa sacco, elfu themanini, ninunue ovaloki ya pili, ile cherehani ya kufunga kingo za nguo, kabla shule hazijafunguliwa Mei. Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Umoja, na msimu wa sare haumngoji mtu. Karani akaniita pembeni, jambo ambalo kwenye sacco yetu huwa halina heri.

"Mama, uko CRB."

Nikacheka. CRB ni kampuni zinazoweka rekodi za mikopo, na ukiambiwa "uko CRB" maana yake umeorodheshwa kwamba hulipi deni. Mimi hata Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, naiogopa. Akanigeuzia kompyuta nikaona jina langu, nambari yangu ya kitambulisho, na deni la mkopo wa simu la shilingi 7,460 ambalo halijalipwa kwa zaidi ya siku tisini. Mkopeshaji mwenyewe ndiyo kwanza namsikia.

Nianze na ripoti yenyewe, maana hapo sina ugomvi. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya kuweka rekodi za mikopo ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kwa kanuni za 2020, una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Nilikuwa nimeshaisikia habari hiyo redioni, nikaipuuza kama watu wengi wasiokuwa na deni. Ya kwanza niliipata kwa simu nikiwa nimekaa kwenye cherehani, hata uzi sijamaliza kutunga vizuri. Inasomeka: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini. Ila haikuniambia pesa zilitumwa kwa simu gani, na hilo ndilo nililolitaka kuliko yote.

Kanuni hizo hizo zinamtaka mkopeshaji akupe ilani siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Baadaye nilikuja kuonyeshwa kwamba ilani ilitumwa kweli. Ilitumwa kwa nambari iliyoombea mkopo, yaani kwa mwizi. Alionywa yeye kwamba mimi nitaharibiwa jina.

Shemeji yangu, mtu wa huruma lakini mwenye haraka, akaniambia, "Si ulipe tu yaishe? Elfu saba ni nini?" Nusura nimsikilize. Kilichonizuia ni kwamba rekodi ya mkopo uliokwama haifutiki siku unapolipa. Inabaki miaka mitano tangu deni limalizwe, ikionyesha kwamba ulichelewa. Ningelipa, ningekuwa nimekubali kwamba ni langu, na ningetembea nalo miaka mitano nikieleza kila mahali. Kwa hiyo kama uko kwenye shida hii, usilipe deni la mwizi ili upate usingizi.

Huduma iliyonifaa kupita zote haikunigharimu hata senti. Nilibonyeza *106# nikaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitarajia mbili, nikakuta tatu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokula mkopo. Kumbuka tu kwamba kila mtandao unaonyesha laini zake wenyewe, kwa hiyo rudia kwa kila mtandao. Nilienda dukani na kitambulisho halisi, laini ikaondolewa kwenye jina langu, nikaomba niandikiwe, nikaandikiwa. Kutoka hapo nikaenda kituo cha polisi. Afisa aliniuliza mara mbili kama nina hakika si mume wangu aliyekopa. Nikamwambia mume wangu hata nywila ya simu yangu haijui. Akaandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio, na kunipa abstrakti, yaani hati ya kuonyesha kwamba nimeripoti.

Sasa tufike kwa mkopeshaji. Ofisi yao iko Westlands, jumba la vioo. Kabla ya lifti, askari wa mlangoni ananisogezea kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Juu ya mstari wangu kulikuwa na watu kama ishirini, kila kitu chao wazi, na kalamu imefungwa kwa kamba. Nimekuja kulalamika kwamba kitambulisho changu kimeibwa, na ili nifike huko juu sharti nikiandike tena mahali ambapo yeyote anaweza kupiga picha. Nikamwambia askari, "Kijana wangu, unajua kilichonileta?" Hakujua, na si kosa lake.

Juu nilikutana na binti mpole aliyekuwa na jibu moja: nilete uthibitisho kwamba si mimi niliyekopa. Utathibitishaje kwamba hukufanya jambo? Nikageuza swali: ninyi mna uthibitisho gani kwamba ni mimi? Alisita, kisha akafungua faili. Picha ya uso haikuwamo. Kulikuwa na picha ya kitambulisho tu, na nilipoinama kuitazama moyo ukapiga. Haikuwa picha ya kitambulisho chenyewe. Ilikuwa picha ya fotokopi, na kwenye kona ya juu kulikuwa na maandishi ya penseli: B14. Mwandiko wangu. B14 ndiyo nyumba niliyokuwa nimepanga miaka miwili nyuma, na niliiandika mwenyewe siku nilipompa ajenti wa kodi nakala ile. Siwezi kuapa ni nani aliyeitoa ofisini kwake, lakini njia iliyopitia ninaijua.

Walisema watachunguza. Wiki tatu, kimya. Simu inapokelewa, unaambiwa "tumelipeleka mbele". Kampuni ya rekodi nayo ikaniambia haiwezi kubadilisha chochote mpaka mkopeshaji aseme. Hapo ndipo nilipochoka nao wote wawili, kwa sababu kila mmoja ananionyesha mlango wa mwenzake.

Binti yangu aliye chuoni akanisaidia kuandika barua pepe moja fupi. Tulitaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inanipa haki ya kutaka taarifa zangu zisizo za kweli zirekebishwe au zifutwe. Tukaambatanisha abstrakti, karatasi ya duka la simu, na ile habari ya B14. Tukamalizia kwamba nakala inayofuata inakwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kumaliza lalamiko. Siku ya nane nikapigiwa. Sauti ilikuwa imebadilika, sasa naitwa "madam". Deni likafutwa, nikapewa barua yenye muhuri.

Katikati ya hayo yote nilifuatwa na kijana mmoja, rafiki ya rafiki, aliyedai ana mtu ndani na kwa elfu tatu na mia tano atanisafisha CRB ndani ya saa 24. Akataka nimtumie picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Nilimtazama tu. Anayeweza kuomba rekodi ibadilishwe ni wewe mwenyewe au yule aliyeipeleka. Mwingine yeyote anataka pesa zako, na huyu alitaka na kitambulisho juu yake.

Nikipewa nyota nigawe: ripoti ya bure, nne. *106#, tano. Dawati la malalamiko la kampuni ya rekodi, mbili, na ya pili ni kwa sababu waliniongelesha kwa adabu. Mkopeshaji, moja, kwa kufungua faili.

Siku hizi nikitoa fotokopi ya kitambulisho, naandika kwa wino katikati, juu ya picha: "Kwa kodi ya nyumba tu", na tarehe. Ajenti wangu wa sasa alinuna kidogo, lakini aliipokea. Ovaloki nimeshainunua, mtumba, inapiga kelele lakini inashona. Nimeangalia ripoti zote tatu: mbili ni safi, ya tatu bado inaonyesha 7,460. Jumatatu ninawapelekea tena ile barua yenye muhuri, nakala tu, na imeandikwa kwa wino katikati.