Amplifaya yenye besi ya kwenye ubongo: miezi mitatu nayo Uyole

Wadau mi napanga chumba kimoja huku Uyole, Mbeya, na ukuta wa pili kuna mtoto mchanga, kwaiyo sabufa kwangu haiwezekani kabisa. Nina spika mbili za inchi 4 basi. Amplifaya niliyokua nayo mwanzo ilikua ya kawaida, nikawa nafungulia besi mpaka mwisho ili nisikie gitaa la besi la kwaya, matokeo yake karatasi ya spika moja ikachanika pembeni. Fundi mmoja Mwanjelwa akanambia mdogo wangu unailazimisha spika ndogo, ukishuka oktavu moja, yani mitetemo ya sauti ikipungua nusu, kwa ukubwa ule ule wa sauti karatasi inatakiwa itembee mara 4 zaidi, itapona vipi?

Ndo nikachukua hii. Ina kitufe cha besi ambacho hakiongezi besi yenyewe, na hapa ndo pananifurahisha. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unapiga kama Hz 41, yani mitetemo 41 kwa sekunde, spika zangu hazifiki huko, sasa amplifaya inaiacha hiyo 41 afu inatengeneza sauti za juu yake, 82, 123, 164, ambazo spika inaziweza. Ubongo ukisikia zimepishana kwa 41 unaijaza wenyewe ile ya chini ambayo haipo. Nlibisha mpaka nilipokumbuka simu: simu za kawaida toka enzi za waya zinakata karibu kila kitu chini ya Hz 300, na sauti ya mwanaume inaanzia kwenye 100 hivi, ila babu akinipigia toka Tukuyu namsikia na uzito wake wote.

Siku ya kwanza nikaweka wimbo wa kwaya kitufe kimezimwa, gitaa lilikua tik tik tu ya kidole kwenye uzi. Nikawasha. Noti zikaanza kutembea, hapa inapanda, hapa inashuka, yani nlirudia wimbo ule ule mara tano nimekaa kitandani. Nikagusa karatasi ya spika kwa kidole, imetulia. Kikombe cha chai juu ya boksi, chai haichezi hata kidogo.

Ubaya upo. Ukizidisha, sauti za wanaume zinakua kama wanaimbia ndani ya ndoo, mi nimeiacha kwenye 3 kati ya 10. Na ile ngoma ya kukupiga kifuani usiitegemee, hiyo inataka hewa isukumwe kweli, mwenye shughuli za harusi akanunue sabufa tu.

Umeme ukikatika naunga betri ya sola na inanivusha jioni nzima, mana besi ya kupandisha ndo mlaji, ukiipandisha dB 10 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inataka nguvu mara 10.

Juzi nimemuuliza jirani, mama wa yule mtoto mchanga, kama namsumbua usiku, akasema anasikia waimbaji kwa mbali, ile ngoma ya ukutani haipo tena.