Mwongozo wa sauti wa makumbusho: unafaa, ila usiuwashe mapema

Nimetumia aina zote mbili, kifaa cha kukodi pale mapokezini na programu ya simu, na siku hizi nachagua simu. Kifaa cha kukodi mara nyingi hudai amana au kitambulisho, betri yake huwa imechoka, na saa ya kufunga kuna foleni ya kukirudisha. Programu nayo hukwama kwenye kuta nene zinazokata mtandao. Pakua sauti zote kabla hujafika, jaza chaji, beba hedifoni.

Kasoro kubwa haimo kwenye chombo. Ukibonyeza namba ya mchoro kwenye kifaa au simu kabla ya kutazama, sauti ndiyo inayokuchagulia cha kuona: ikisema kushoto, jicho linakwenda kushoto, mengine yanakupita. Mimi hukaa kimya dakika tatu kwanza. Narudi nyuma hadi mchoro mzima uingie machoni bila kugeuza shingo, kisha nasogea karibu, kisha pembeni. Ukiwa pembeni mng'ao wa taa unahama, na mikwaruzo ya brashi, nyufa za rangi na viraka vya ukarabati vinajitokeza. Sauti baada ya hapo.

Na hapo ndipo inapolipa. Chukua mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1642 ulioko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, ule uitwao Ulinzi wa Usiku. Kwa macho tu utaona wanaume wawili katikati na giza nyuma yao. Maelezo mazuri yatakufungua: jina la usiku lilikuja baadaye, vanishi, ule utando unaopakwa juu ya rangi, ilipokuwa imekolea na kuutia giza, na mwaka 1715 turubai, yaani kitambaa kilichochorwa, lilikatwa pande zote nne lienee ukutani kwenye jumba la mji. Upande wa kushoto ndio ulioumia zaidi. Wale wawili Rembrandt aliwachora kulia kidogo. Kisu ndicho kilichowaweka katikati.

Lebo ya ukutani sauti huiruka, nami naona ni hasara. Namba ya usajili katika makumbusho mengi huanza na mwaka kazi ya sanaa ilipopokelewa. Na "karakana ya fulani" si sawa na "fulani": maana yake wasaidizi wake wameshika brashi. Vipimo navyo, kimo kwa kawaida kikitangulia upana, ni vya kuandika kama utakuja kuisoma kazi hiyo kwenye picha za kitabuni, ambako kubwa na ndogo zote zinalingana.

Katika vyumba vya kazi za karatasi punguza mwanga wa simu. Taa humo huwekwa hafifu, kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga hupausha wino na rangi, na iliyopauka hairudi. Macho hutaka dakika kadhaa kuzoea, na kioo cha simu huyarudisha mwanzo.

Kazi 8 au 10 kwa saa moja na nusu zinatosha. Kazi iliyoazimwa au iliyo kwa mafundi wakati mwingine hubaki kwenye programu, kwa hiyo ukikuta ukuta mtupu muulize mlinzi kabla hujazunguka ghorofa nzima ukiitafuta.