Laravel au Django kwa kijana wa Unguja

Kama unawaza kutengeneza websaiti za gesti za Paje na Nungwi, anza na Laravel tu, mie sikuzungushi. Laravel na Django zote ni freimuweki, yaani msingi ulotengenezwa tayari wa kujengea websaiti. Laravel ni ya lugha ya PHP, na hosti nyingi za bei poa, yaani kampuni zinazokuwekea websaiti hewani, zinaipokea bila ya kelele, mwenye gesti hataki habari za seva, yeye anataka wageni wabuki vyumba basi. Django ni ya lugha ya Python, ya 2005, ilizaliwa kwenye gazeti la mji mdogo wa Lawrence, Kansas, na inaonesha: ukurasa wa admini, wa kuingizia na kurekebisha taarifa, unakuja nao bure, unaandika modeli ya mgeni, yaani taarifa gani zake zihifadhiwe, jina, nambari ya paspoti, siku ya kuingia, unaisajili, fomu ndo hiyo mtu wa mapokezi anajaza. Laravel hapo utaongeza kifurushi cha ziada cha kukupa ukurasa kama huo. Ila kuipandisha Django hewani, mh, jipange.

Sasa hizo paspoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 haijali freimuweki gani umetumia, na mie naiunga mkono wenzangu wanune wasinune, picha za paspoti za watu zinazagaa kwenye WhatsApp za mapokezi jamani! Makaratasi ya hiyo sheria tu ndo serikali ingempunguzia kijana anayejitegemea.