Diski ya Kugawanya Duara kwenye Mashine ya Kukerezea: Ununue au Uache?

Mafundi wenzangu, habari za kazi! Leo tunaichambua hii diski ya kugawanya duara, ile inayofungwa nyuma ya spindeli (mhimili unaozunguka) ya mashine ya kukerezea. Umeshakereza flanji yako (kile kisahani cha kuungia kwa bolti), unataka matundu ya bolti yaachane sawasawa, na hutaki kuitoa kwenye chaki, yaani kibanio kinachoishika na kuizungusha. Maana ukishaitoa, kuirudisha kwenye senta ileile ni kazi nyingine.

Sogeeni muone. Kuna safu mbili za matundu: ya nje 60, ya ndani 48. Yenye 60 peke yake mimi siishauri, kwa sababu 60 kwa 8 ni saba na nusu, na flanji za bolti 8 ndizo zimejaa. Hiyo 48 inakupa 8, 16 na 24. Ya nje inakupa 5, 10, 15. Matundu 7? Sahau.

Lakini roho ya kifaa hiki ni pini. Inasukumwa na springi, ncha yake imechongoka kidogo, kwa hiyo inajikaza yenyewe ndani ya tundu. Nashika chaki, natikisa hivi… mnasikia? Kimya. Chaki ikicheza digrii moja tu, kwenye duara la kipenyo cha milimita 80 tundu linahama karibu milimita 0.7. Hapo bolti zitagoma.

Kuweka alama, kwanza chomoa umeme. Pini ikiwa ndani halafu mtu awashe mashine, mtalia. Paka wino usoni mwa flanji, funga kisu chenye ncha kali, ncha iwe usawa wa senta kabisa. Kiguse usoni, zungusha chaki kwa mkono: duara hilo. Kisha ingiza pini, vuta kisu kukata lile duara, zungusha chaki hadi tundu la 6 linalofuata kwenye safu ya 48, vuta tena. Mistari 8, safi kabisa.

Kutoboa, nafunga drili ndogo kwenye kishikio cha kisu, nayo iwe usawa wa senta. Anza na senta biti. Ni fupi na nene, haitangitangi kama biti ndefu.

Kasoro ipo. Mkono unaobeba pini ni bati jembamba. Ukisukuma drili kwa pupa unauona unapinda, kwa hiyo sukuma taratibu. Tena ile ekseli inayoshikilia diski kwa kupanuka ndani ya tundu la spindeli haienei kila mashine: pima tundu la spindeli yako kwa venia (kile kipimo cha kupimia vipenyo) kabla hujaagiza.

Na kama kazi zako ni za matundu 6 tu, okoa hela yako. Fungua bikari kwa nusu kipenyo cha duara lako, litembeze juu ya mstari, litaingia mara 6 kamili. Ukitaka 3, ruka moja moja.